Mume wa Vestina

Levina hakumwambia Anselm kwa ubaya, au ndivyo alivyodai mwenyewe. Alifika karakana Ijumaa asubuhi kuulizia grili za madirisha yake, akasimama mlangoni amekinga macho kwa kiganja kwa sababu ya cheche. Anselm alipozima mashine na kuvua miwani, Levina akasema grili zinaweza kusubiri. Kulikuwa na jambo ambalo yeye, kama dada, asingeweza kulinyamazia.

Levina alikuwa akifundisha shule moja na Vestina, na Vestina ndiye aliyekuwa mchumba wa Anselm. Mahari ilishapelekwa Ulyankulu kwa baba yake na pete ilikuwa kidoleni, ila harusi iliahirishwa, ikapangwa upya, ikaahirishwa tena. Mara ya kwanza Vestina alikuwa Morogoro akimalizia shahada yake ya uzamivu. Mara ya pili alitoa sababu ambayo Anselm hakuielewa, naye kwa kumpenda akajifanya ameielewa.

"Jana baada ya vipindi alijifungia kwenye maabara ya shule," Levina akasema. "Anaongea na Wazungu kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa chumba cha pili nasahihisha madaftari. Wakamuuliza habari za familia yake. Akawaambia ana mume."

"Labda hukusikia vizuri."

"Anselm, mimi nafundisha Kiingereza."

Alieleza kwamba hakupata maneno yote. Hakujua kama Vestina alisema mume atamfuata, au mume yuko huko huko anamsubiri, maana hapo mwanafunzi mmoja alipita akipiga filimbi. Lakini mume alitajwa, tena si kwa kuteleza ulimi. Kisha Levina akamtazama Anselm kwa huruma ambayo ilimuuma kuliko habari yenyewe, akafungua mwavuli wake, akaenda zake. Grili hakuziulizia tena.

Siku ile Anselm alichomelea geti la mteja bawaba zikakaa upande usio wake. Ilibidi akate, aanze upya.

Miaka ya nyuma alikuwa amekutana na Vestina kwenye maabara ile ile, alipoitwa kufunga mlango wa chuma, Vestina akiwa bado mwanafunzi aliyeazima chumba kwa utafiti wake. Alimkuta msichana mwembamba, mweusi wa kung'aa, ameinamia mzizi wa mti kwa kioo cha kukuzia kana kwamba anasoma barua ya mpenzi. Anselm alimuuliza anatafuta nini. Vestina akamwonyesha nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, akamwambia huo ni uyoga ukiwa bado chini ya ardhi, na kwamba miombo yote ya Tabora inaishi kwa hisani ya nyuzi hizo. Anselm alikuwa amekula uyoga tangu utotoni na hakuwahi kuuwazia zaidi ya sufuria. Alifunga mlango ule taratibu mno, na kesho yake akarudi kusema bawaba zinahitaji mafuta.

Uyoga huo ndio uliompa Vestina udaktari. Mtaani walimwita Dokta na kumletea magoti yao na vikohozi vya watoto wao, naye akawa anaeleza kwa upole kwamba yeye si daktari wa namna hiyo. Waliondoka wakiamini amewanyima dawa. Tangu ahitimu alikuwa ameomba kazi vyuoni, kwenye vituo vya utafiti, mpaka kwenye mashirika ya misitu. Baadhi hawakujibu. Wengine walimwambia elimu yake ni kubwa kupita nafasi waliyo nayo, kana kwamba angeweza kuipunguza. Akawa anafundisha baiolojia kwa muda katika shule ile ile ya sekondari, na kila akirudi nyumbani alikuwa amenyauka kidogo zaidi ya jana.

Halafu, miezi ya karibuni, akachanua, na kuchanua huko ndiko kulikomtia Anselm wasiwasi. Vestina alianza kucheka peke yake. Simu alikuwa akiilaza kifudifudi mezani. Ikiita, alitoka nje kuipokea, na kutoka kule nje Anselm alikuwa akisikia Kiingereza, mara Kirundi, ambacho ndicho walichozungumza kwao. Katika Kirundi hicho Anselm alishika neno moja tu, kwa sababu lilikuwa jina. Gerson.

Alimuuliza Gerson ni nani. Vestina akasema ni mtu wa kwao, walisoma naye shule ya msingi Ulyankulu, sasa anaishi Uswidi. Alisema hivyo akiwa anakunja nguo, bila kuinua uso.

Mama yake Anselm, ambaye mtaa ulimwita Mama Agnetha kwa jina lake mwenyewe, alikuwa na maoni yake tangu mwanzo na hakuyaficha. Aliona mwanamke aliyesoma kiasi kile hakusoma ili aje kusonga ugali wa fundi wa mageti wa mtaa wa Ng'ambo. Tena, akaongeza, watu wa Ulyankulu waliingia nchi hii kutoka Burundi wakiwa mbioni, na hata baada ya kupewa uraia wao bado wanaishi kama watu wenye mizigo mlangoni. Anselm alimkatalia mama yake kila mara. Lakini maneno ya mama hayafutiki mtu akitoka nje ya mlango, na Anselm alilala nayo.

Alhamisi, siku moja kabla Levina hajafika karakana, Vestina alikuwa amemwambia kwamba Jumamosi atakwenda Ulyankulu, baba anamwita. Anselm akasema basi atampeleka kwa pikipiki. Vestina akamshika mkono haraka.

"Usijisumbue. Ni mambo ya nyumbani tu."

Mkono wake ulikuwa wa baridi, na jua lilikuwa linachoma.

Jumamosi asubuhi Anselm alikwenda stendi. Alijiambia anakwenda kununua oili kwa Shomari, rafiki yake mwenye duka la vipuri pale pembeni. Shomari alimpa oili, akasita, kisha akamuuliza kama yeye na Vestina wana ugomvi. Shomari alikuwa amemwona Vestina asubuhi ile. Hakupanda basi. Alikuja kuchukuliwa na gari jeupe, na mwanamume aliyeliendesha alishuka akamfungulia mlango. Alikuwa mtu wa kupendeza, amevaa koti kwenye joto lote hili.

Anselm aliiacha ile oili juu ya kaunta. Aliwasha pikipiki akashika njia ya magharibi.

Mvua zilikuwa hazijaanza. Vumbi lilimjaa kwenye meno na nyusi. Alipita mabani ya kukaushia tumbaku, mashamba yaliyofyekwa, na miti michache iliyobaki ikichipua majani mekundu kabla ya mvua, kama ilivyo desturi ya miombo. Vestina alikuwa amemfundisha kuyatazama majani yale, na sasa hakuweza kuacha kuyatazama.

Njia ile ilikuwa ya misafara zamani. Babu yake mzaa babu aliipita akiwa mpagazi, na katika ukoo wao walikuwa wakisimulia jinsi wanaume walivyokuwa wakiondoka na mizigo mabegani, wakakaa huko misimu na misimu, na wanawake wakabaki wakilima na kusubiri. Anselm aliwaza kwamba hajawahi kusikia hadithi ambayo mwanamume ndiye aliyebaki. Wazo hilo lilimfanya aongeze mafuta, pikipiki ikayumba kwenye mchanga, nusura aanguke.

Alifika Ulyankulu jua likiwa limepita utosi. Nyumba ya Mzee Prosperi Minani aliijua. Ndipo alipoleta mahari. Gari jeupe lilikuwa limesimama kando ya migomba. Mabenchi yalikuwa yametolewa uani chini ya turubai, kreti za soda zimepangwa ukutani, na wazee wa ukoo walikuwa wamekaa na makoti yao ya kanisani. Kulikuwa na harufu ya pilau. Anselm alikuwa amehudhuria shughuli kama hii hapa hapa, naye akiwa ndiye mposaji.

Walikuwa wanazungumza Kirundi, na walipomwona wakanyamaza wote kwa pamoja.

Kulia kwa Mzee Prosperi alikaa yule mwanamume mwenye koti. Alikuwa kijana kama yeye, nadhifu, viatu vimefutwa vumbi. Vestina alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, kitenge kimefungwa vizuri, macho yamevimba kwa kulia. Alipomwona Anselm alitaka kuinuka, akarudi kukaa, na machoni mwake mlipita kitu. Anselm alikisoma kitu hicho kuwa ni hofu ya mtu aliyefumaniwa.

"Shikamoo baba," akasema.

"Marahaba." Mzee Prosperi hakumwonyesha kiti. Alikuwa mzee mrefu aliyepooza upande mmoja wa mdomo, na Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno limepimwa. "Umekuja wakati wake. Kabla hujakaa, nijibu neno moja mbele ya hawa. Wewe una mke?"

Anselm aliwatazama wazee. Alimtazama Gerson, maana hakuhitaji kuambiwa kuwa ndiye, kisha Vestina. Vestina alikuwa anamkazia macho, midomo imefumbwa, kama anayemwomba jambo. Anselm aliona anaombwa asimwaibishe.

"Mimi sina mke, baba. Mwenye mume ni yeye. Ndivyo nilivyosikia, na nimekuja kumwona huyo mume."

Mzee mmoja alikohoa. Gerson aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. Vestina aliinuka polepole, akakung'uta kitenge, akapita mbele ya wazee wote bila kuomba radhi, akazunguka nyuma ya nyumba.

Mzee Prosperi akasema, sasa kwa uchovu zaidi kuliko hasira, "Basi alinidanganya." Akamwonyesha Anselm kwa kidevu amfuate binti yake, kama mtu anayemfukuza mbuzi uani.

Alimkuta ameegemea bani la tumbaku, ameupa ukuta uso.

"Nenda tu nyumbani, Anselm."

"Nitakwenda. Niambie kwanza nani mume wako."

Vestina aligeuka. Machozi yalikuwa yamekauka, na Anselm alijua kwamba akiwa hivyo ndipo hasira yake inapokuwa ya kweli.

"Ni wewe," akasema. "Nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba ni wewe. Sasa umekwenda kuwaambia kwamba siye."

Vestina akamweleza, bila kupamba na bila kumwonea huruma. Kule Uswidi kulikuwa na taasisi inayochunguza uyoga wa mizizini, na Gerson, ambaye alikuwa mhandisi katika mji ule ule, ndiye aliyemjulisha kwamba wanatafuta mtafiti. Aliomba. Wakamfanyia usaili, wakamfanyia mwingine, na juzi wakamwambia kazi ni yake kuanzia mwezi wa pili. Walipomuuliza habari za familia alisema ana mume, kwa sababu mke au mume wanampa nafasi ya kuja pamoja na mwenye kazi, akapata kibali na darasa la lugha, lakini mchumba hawamtambui kabisa. Akawataja jina la Anselm na kazi yake. Hata herufi za jina aliwatajia moja moja.

"Na Gerson?"

"Gerson amenisaidia kama ndugu, mpaka alipokuja likizo. Wiki hii amekwenda kwa baba kumwomba anipose upya. Baba akakubali. Anasema msichana hawezi kwenda nchi ya mbali peke yake, na Gerson ni mtu wetu, anaijua nchi ile. Mahari yako wangeirudisha." Alipumua. "Nikamwambia baba hawezi kuniozesha mtu mwingine, mimi na wewe tumeshafunga ndoa bomani. Ndiyo maana nilikwambia usije. Nilitaka nikimaliza nao ndipo nikwambie yote. Nimemdanganya baba yangu kwa ajili yako, halafu ukaja ukanivua nguo mbele ya ukoo."

Anselm alikaa juu ya gogo lililokuwa pale.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia lini? Kila nikishika simu unanitazama kama mwizi."

"Ulikuwa unatoka nje nayo."

"Nilikuwa natoka kwa sababu unanitazama."

Hilo lilikuwa kweli, na Anselm alilijua. Lakini lake nalo lilikuwa kweli, na hakutaka kulimeza.

"Umewaambia watu wa mbali kwamba nitakwenda kuishi kwao," akasema. "Nchi yenyewe sijui iko upande gani. Nina karakana. Nina mama ambaye hana mtoto mwingine. Wote hao wamejua kabla yangu, Vestina. Mimi nimesikia kwa Levina, tena amesikia nusu. Hukuona kwamba mtu wa kwanza kuulizwa ni mimi?"

Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya bani, na kule uani sauti za wazee zilikuwa zimeanza tena, chini chini.

"Niliogopa," Vestina akasema, na sasa sauti ilikuwa ndogo. "Niliogopa ungesema hapana. Ungesema hapana, nisingekwenda. Najijua. Ningebaki Tabora nikafundisha kwa muda mpaka nizeeke, na siku moja ningekutazama unakula chakula nilichokupikia, nikakuchukia. Sikutaka kufika hapo. Nikaona bora nikuweke ndani ya safari kwanza, nikwambie baadaye."

Alikuwa amesimama na mikono imening'inia, vumbi kwenye vidole vya miguu, na Anselm aliona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokonda. Alichokiita kuchanua, akagundua, kilikuwa pia homa. Alitaka kumshika. Hakumshika, kwa sababu bado kulikuwa na jambo.

"Gerson anakupenda?"

"Ndiyo."

Alimshukuru moyoni kwa kutomzungusha. "Na wewe?"

"Mimi nimetaja jina lako herufi kwa herufi kwa watu wasioweza hata kulitamka," Vestina akasema. "Sijui unataka nikwambie kwa lugha gani."

Waliporudi uani, Anselm hakusubiri kupewa nafasi. Aliomba radhi kwa wazee kwa kuingia kama askari. Akasema alipojibu kwamba hana mke alisema kweli, maana ndoa haijafungwa, lakini alikuja na ubaya moyoni na ubaya huo ndio uliojibu. Msichana hakuwa na mume mwingine. Kama ukoo bado unamtaka, yeye bado anataka kuoa.

Mzee Prosperi alimsikiliza huku anasugua goti. Hakufurahi. Alimgeukia binti yake, akasema Kirundi kwa muda, kwa ukali, na Vestina akapiga magoti mkekani akasikiliza bila kujibu. Kisha mzee akarudi kwenye Kiswahili, bila shaka ili Anselm asikie.

"Mimi nililetwa hapa juu ya lori nikiwa kijana. Kulia kwangu watu wanalia, kushoto wanalia. Hakuna aliyeniuliza unataka kwenda wapi. Nimelima tumbaku ya nchi hii mpaka imekuwa nchi yangu, lakini lile la kutoulizwa halijanitoka. Leo mwanangu, mwenye elimu yote hiyo, anambeba mtu vile vile." Akamtazama Vestina. "Sikupendezwa na ulivyonidanganya. Tutalisema siku nyingine. Sasa muulize huyu kijana. Hapa, tusikie."

Vestina alibaki amepiga magoti, lakini alimgeukia Anselm. Ingawa alikuwa na maneno ya Kiingereza, ya Kirundi na ya Kilatini ya uyoga wake wote, alionekana kuyatafuta ya Kiswahili kama mtoto.

"Anselm, nimepata kazi mbali. Ni baridi, na hutamjua mtu. Mkataba ni wa miaka mitatu, labda utaongezwa, labda hautaongezwa. Utakuja na mimi?"

Anselm alimwona Gerson akigeuza uso kutazama migomba. Alimfikiria mama yake akianua michembe yake ya viazi peke yake. Aliwaza karakana, na vijana wawili aliokuwa akiwafundisha kazi, na Levina, na mtaa mzima wa Ng'ambo utakavyosema.

"Naogopa," akasema. "Hilo ujue. Nikifika huko sitakuwa fundi wa mtu yeyote mpaka nijifunze kusema. Nitakuwa nakungoja nyumbani, na huenda nikakutazama tena vibaya ukishika simu. Ukiniona hivyo unikemee. Lakini nitakuja. Tufunge ndoa kwanza, na Jumatatu uongee na wale wa Uswidi uwaambie ukweli, usinitangulize tena."

Mzee Prosperi alimnong'oneza mke wake, na mama yule akaenda jikoni kupakua pilau, na watu wa Ulyankulu walielewa kwamba shauri limekwisha.

Gerson hakukaa kula. Aliaga wazee kwa heshima, akamfuata Anselm kwenye pikipiki. Alisema taasisi ile ina watu waelewa. Vestina akiwaeleza kwamba ndoa bado, hawatamnyang'anya kazi. Akasema pia kwamba karibu na anapoishi yeye kuna kiwanda cha vyuma ambacho huchukua wachomeleaji, hata wasiojua lugha vizuri. Anselm alitafuta dharau ndani ya sauti ile, hakuipata, na hilo likamkera zaidi. Alimpa mkono. Mpaka gari jeupe linapotea kwenye vumbi, hakuwa na hakika kama amempata ndugu au amejiwekea mtu wa kumchunga miaka mitatu.

Jumatatu baada ya vipindi, Vestina alimwita maabara akae karibu naye wakati wa kuongea na Uswidi. Anselm hakuelewa mengi. Alimwona mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani, alimsikia Vestina akieleza, akajikwaa, akaeleza tena. Kisha yule mama akacheka kidogo, akasema kitu kirefu chenye jina lake ndani, limepindwa vibaya. Vestina akafunga kompyuta, akamtafsiria. Kazi ilikuwa bado yake. Nafasi ya mume itafunguliwa siku watakapoleta cheti cha ndoa. Kama hakitawahi, atatangulia, mumewe atafuata.

Anselm alimfuta Vestina jasho la shavuni kwa kidole chenye doa la moto wa kuchomelea, na Vestina akaegemeza uso wake kwenye kiganja kile, wakakaa hivyo mpaka mlinzi alipogonga kuwaambia anataka kufunga.

Lilibaki la Mama Agnetha.

Walikwenda pamoja siku ile ile, kabla jua halijazama. Walimkuta uani kwake, mtaa wa Cheyo, anachambua karanga kwenye ungo. Vestina akamwamkia, mama akaitikia bila kuacha kuchambua. Anselm alianza kueleza, lakini Vestina akamgusa mkono, akakaa chini kwenye jamvi, usawa wa miguu ya mama.

"Mama, nimekuja kuomba," akasema. "Mwanao nilimchukua bila kumuuliza, na nimeona kosa langu. Wewe sitaki kukuchukulia. Nimepata kazi Ulaya. Naomba niolewe na Anselm, na naomba umruhusu aje na mimi."

Mama Agnetha alichambua karanga muda mrefu. Mbovu alizitupia kuku moja moja.

"Kumbe nilikuwa naogopa kitu kisicho chenyewe," akasema mwishowe. "Nilidhani utamwacha. Kumbe unaondoka naye."

"Ndiyo, mama."

"Mwanamke ndiye mwenye kazi, mwanamume anafuata. Mtaa huu watasema Anselm ameolewa."

"Waache waseme, mama," Anselm akasema. "Mimi nitajua nimeoa."

Mama yake alimtazama, kisha akamtazama Vestina, safari hii kwa makini, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka vidole vya miguu, kama anayemwona leo ndiyo kwanza. Aliuliza kama huko kuna kanisa. Vestina akasema lipo, dogo, na padri ni Mpolandi. Aliuliza kama kuna karanga. Vestina akasema zipo za kopo, si nzuri.

Mama Agnetha akatikisa ungo, maganda yakaruka, akausukuma mpaka magotini pa Vestina.

"Chambua na wewe," akasema. "Zote hizi. Hamwendi kwa watu mikono mitupu."